Deni la Chupa ya Mafuta ya Taa

Wahenga walinena kwamba mtenda husahau, lakini mtendwa hasahau. Sina kimo cha kubishana na wahenga. Hata hivyo, ndugu wasomaji, leo ninaleta mbele yenu ushahidi wa mtenda mmoja ambaye hakusahau. Mtenda huyo ni mimi mwenyewe, na jambo lenyewe lilianzia katika mchezo wa watoto.

Majuma machache yaliyopita nilikuwa Kariakoo, Dar es Salaam, nikimtafutia zawadi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akitimiza miaka tisa. Juu ya meza ya mchuuzi mmoja, katikati ya chaja za simu na betri za saa, palikuwa na kijimashine cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kioo kidogo na vitufe vichache. Boksi lake lilijigamba kwamba ndani mna michezo 400. Mchuuzi alikiwasha ili nithibitishe kuwa ni kizima. Nikapitisha jicho katika orodha ile ndefu, na mara nikasimamisha kidole. Palikuwa na jina ambalo sikuwa nimeliona kwa zaidi ya miaka ishirini: Road Fighter.

Nikabonyeza. Barabara ikafunguka, magari yakaanza kushuka kutoka juu ya kioo, na mwili wangu ukasisimka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa bei, jambo ambalo lilimshangaza hata mchuuzi mwenyewe.

MCHEZO ULIOPITWA

Watu wanapoisimulia historia ya michezo ya mashindano ya magari, hutaja Pole Position, uliotolewa na Namco mwaka 1982, na OutRun, uliotolewa na Sega mwaka 1986. Michezo hiyo miwili ilimweka mchezaji nyuma ya gari, akaiona barabara ikimjia na milima ikiinuka mbele yake. Road Fighter, ulioingia katikati yao mwaka 1984, haukuwa na fahari hiyo. Mchezaji huiangalia barabara kutoka juu, kama kunguru aliyetua kwenye nguzo ya umeme. Gari lako ni kijidude kidogo chini ya kioo, na barabara ni ukanda tu unaoteremka. Si ajabu kwamba wengi huutaja kwa mstari mmoja na kuendelea na safari yao.

Waliouunda ni Konami, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1969 huko Osaka kwa kukodisha na kutengeneza mashine za kupigia santuri. Mwaka 1985 waliuhamishia kwenye Famicom, mashine ya nyumbani ambayo Nintendo ilikuwa imeitoa Japani mwaka 1983. Marekani, mchezo huu haukutolewa kwa ajili ya mashine hiyo, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kupuuzwa kwake, maana sehemu kubwa ya historia hizi imeandikwa na watu waliokulia huko. Famicom yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Mchezo mzima haukuzidi kilobaiti 40. Picha moja unayoipiga leo kwa simu yako ni nzito kuliko mchezo huo mara nyingi sana.

Lakini ndani ya udogo huo waungwana wale waliweka akili. Kitufe kimoja hukupeleka mpaka mwendo wa kilomita 224 kwa saa. Kingine hukupeleka mpaka 400. Magari ya njano huenda moja kwa moja, hayana ubaya na mtu. Mengine hukuvizia, ukikaribia tu yanakuhamia. Malori ndiyo mauti yenyewe. Ukiguswa na gari dogo, gari lako huyumba, na ukiwa mwepesi wa mkono waweza kulinyoosha kabla halijagonga ukingo wa barabara na kulipuka. Ukiendesha umbali wa kutosha bila kugonga, hupita pembeni mtu arukaye angani, aitwaye Konami Man, akakuongezea alama.

Hata hivyo, kiini cha mchezo ni mafuta. Michezo mingi ya siku zile ilimpa mtoto roho tatu: ukifa, unafufuka, na ukifa tena, bado unayo akiba. Road Fighter hauna roho tatu. Unapewa mafuta, tarakimu 100 zinazoteremka bila kusimama. Ukigonga, yanapungua zaidi. Yakifika sifuri, safari imekwisha, hata kama mwisho wa barabara unaonekana. Na hapa ndipo mchezo unapotofautiana na gari la kweli: kwenda polepole hakuokoi mafuta. Yanapungua tu, uende au usiende, kwa sababu kinachopimwa hasa ni muda. Njia pekee ya kuyaongeza ni kuligusa gari moja la pekee, la rangi nyingi, ambalo hupita kwa nadra. Magari yote mengine unayakimbia; hilo moja unalifuata, unaligonga, nalo linakupa mafuta yake na kutoweka.

KIBANDANI BUGURUNI

Vijana wa leo watauliza, mchezo wa Japani wa mwaka 1985 ulifikaje uswahilini? Ulichelewa, lakini ulifika. Mwaka 1974 Serikali yetu ilikuwa imezuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na runinga, na ingawa Zanzibar walikuwa na kituo chao cha runinga tangu miaka ya 1970, Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994 kuona stesheni zake za kwanza. Runinga zilipoanza kuingia majumbani, ziliingia pamoja na mashine za kuiga Famicom, zilizotengenezwa Taiwan na China bila ya idhini ya wenyewe, zikiwa na kaseti zilizosheheni michezo mingi kwa pamoja. Sisi tuliita gemu. Na Road Fighter hatukuuita kwa jina lake, maana Kiingereza kilikuwa hakijatukaa. Tuliuita "Gari" tu.

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tukiishi Buguruni, katika nyumba ya kupanga isiyokuwa na umeme. Mtaa wa pili palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake runinga moja ya inchi kumi na nne, benchi moja, na kijana aliyekaa mlangoni akipokea fedha. Bei ilikuwa shilingi hamsini kwa mkono mmoja, yaani mpaka mafuta yako yaishe. Aliyejua kuendesha alikaa muda mrefu kwa hamsini ile ile. Asiyejua aliinuka upesi, watoto wakimcheka. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaoinuka upesi. Siku nyingi sikuwa na hata hamsini, nikawa nasimama nyuma ya benchi nikiyaangalia mafuta ya wenzangu yakipungua.

Dada yangu alikuwa darasa la saba. Alikuwa na miaka kumi na minne, na vitabu vyake alivijalidi kwa magazeti ya zamani, vikapendeza. Kila usiku, baada ya vyombo kuoshwa, aliweka koroboi juu ya kigoda, akakaa chini mkekani na kusoma mpaka moshi ukamtia weusi puani. Baba alikuwa akifanya kazi ya safari, na mwezi ule mshahara ulikuwa umechelewa. Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho, mama alimpa dada sarafu mbili za shilingi mia akanunue mafuta ya taa. Akamwambia, "Hizi ndizo zilizobaki. Nenda mwenyewe." Kisha mama akaenda msibani kwa jirani.

Dada alikuwa akifua sare yake ya kesho. Mikono yake ilikuwa na povu. Akaniita, akanipa sarafu zile na chupa, akasema, "Mdogo wangu, kimbia mara moja, mama asijue kwamba nimekutuma wewe."

Nilikimbia kweli. Lakini njia ya kwenda dukani ilipita kibandani.

Sitajitetea kwa kusema kwamba nilikusudia kucheza mara moja tu. Ndivyo nilivyokusudia, lakini mwizi hahukumiwi kwa makusudio. Hamsini ya kwanza iliishia kwenye lori. Ya pili iliishia kwenye ukingo. Ya tatu nilikwenda mbali kuliko nilivyopata kwenda, na yule mtu arukaye akanipitia kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na benchi zima likapiga kelele kwa ajili yangu. Ya nne sikumbuki iliishaje. Nakumbuka tu kwamba niliposimama nilikuta chupa tupu mkononi mwangu, na jua limekwisha kuzama.

Nilimwambia dada kwamba sarafu zilikuwa zimeponyoka na kuangukia mtaroni. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila sababu yake haikuwa ile niliyoitaja. Mama aliporudi na kukuta koroboi kavu, dada alitangulia kusema. Alisema ni yeye aliyekwenda, na ni yeye aliyezidondosha. Alinihurumia, asijue anachokihurumia. Akachapwa, mimi nikiwa nimejikunyata nyuma ya pazia. Usiku ule alikwenda kusimama chini ya dirisha la jirani mwenye umeme, akaufuata mwanga na daftari lake mpaka wenyewe walipozima taa wakalala.

Matokeo yalipotoka, jina lake halikuwamo.

KILICHOTOKEA BAADAYE

Miaka ile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na wengi wa waliomaliza darasa la saba waliishia hapo. Shule za kata ambazo leo tunazilalamikia zilikuja kuenezwa baada ya mpango wa mwaka 2004. Kwa dada yangu zilikuwa zimechelewa. Alijifunza cherehani kwa mama mmoja wa mtaani. Baba alipofariki, ni cherehani ile iliyonilipia ada ya sekondari, na baadaye ikachangia stashahada ya uandishi wa habari, ambayo ndiyo inayonipa ruhusa ya kuwaandikieni ninyi. Kila alipokuwa akinikabidhi fedha, zikiwa zimekunjwa ndani ya kitambaa, nilitaka kumwambia. Kila mara nilisema moyoni, ngoja nimalize muhula huu, ngoja nipate kazi, ngoja mama apone. Mama hakupona. Alifariki mwaka 2011.

Hivyo basi, nilipokwenda kwa dada Jumapili ile na zawadi ya mwanawe, sikuwa nimebeba kijimashine peke yake.

Nilimwamkia dada, akaniitikia bila kuinua macho kwenye gauni alilokuwa akilishona. Mpwa wangu alifungua boksi, na kwa kuwa watoto wa leo wamezoea michezo mizito ya simu, aliutazama mchezo wangu kwa huruma. "Mjomba, mbona gari halina hata dereva?" Nikamwonyesha vitufe viwili. Baada ya dakika kumi hakuwa akiuliza tena, alikuwa ameuma ulimi. Kumbe mchezo bado ni mzuri. Hauna hadithi wala muziki wa kukuchukua. Una swali moja tu, nalo ni kama utafika kabla hujaishiwa. Nilipopokezana naye niligundua kwamba utotoni nilikuwa dereva mbaya kwa sababu moja: nilikuwa nikilikwepa hata lile gari la rangi nyingi. Katika pupa yangu sikuwa nimelitambua kwamba ndilo lililokuja kunisaidia.

Dada akaja akasimama nyuma yetu na futi ya kupimia shingoni. Akatazama kidogo, kisha akasema, "Huu si ule mchezo wa kibandani Buguruni?"

Nilimtuma mpwa wangu dukani akanunue soda. Alipotoka nilimwambia dada habari yote, tangu hamsini ya kwanza mpaka ya nne.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Akarudi kwenye cherehani, akakaa, lakini hakushona. Nami, kwa kuogopa ukimya ule, nikaropoka kile kilichokuwa kikinitafuna: kwamba ni mimi niliyemkosesha sekondari. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kisichokuwa na furaha.

"Usijipe ukubwa, mdogo wangu," alisema. "Darasani kwetu tulijaa mpaka tukakaa sakafuni, na waliochaguliwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Shilingi mia mbili haikuninyima shule. Niliyasoma yale mwaka mzima. Usiku mmoja ni usiku mmoja."

Nikaanza kupumua. Naye akaendelea, sasa akitazama chini.

"Ila tangu siku ile mama hakunituma tena fedha. Hukuliona hilo? Ukiwa sokoni ni wewe, ukiwa dukani ni wewe. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, fedha za matibabu yake nazitoa mimi, lakini akitaka kununua dawa anakuita wewe. Na siku zile za mwisho ufunguo wa sanduku alikupa wewe. Wewe mdogo, tena mwanamume, akakupa ufunguo wa kanga zake. Akaniambia, usinielewe vibaya, mwanangu, lakini wewe mambo yanakuponyoka. Mama amekufa akijua mimi ni mtu wa kuponyokwa na mambo."

Ndugu wasomaji, nilikuwa nimeubeba mzigo kwa miaka yote hiyo, na nilikuwa nimebeba usio wangu. Nilikuwa nikilia juu ya mtihani. Jeraha lenyewe lilikuwa mahali pengine, na kila siku nilipolipita sikuliona, kwa kuwa mimi ndimi niliyenufaika. Mama aliniamini kwa sababu ya wizi wangu. Ufunguo ule niliupokea kwa unyenyekevu mkubwa, watu wakanisifu.

Wazazi wenzangu, si nia yangu kuhubiri kwamba michezo ya mashine huwaharibu watoto. Mchezo haukuiba kitu. Ulikuwa pale, na bei yake iliandikwa mlangoni. Ninalowaomba ni dogo zaidi. Fedha ikipotea nyumbani, msimharakishe mtoto anayetangulia kukiri. Wakati mwingine anayekiri ndiye mwenye huruma, na aliyenyamaza nyuma ya pazia ndiye mwenye kosa. Na wewe uliye nyuma ya pazia, hata kama una mvi, usingoje kumaliza muhula. Mafuta yanapungua uende au usiende. Mimi nilipofika, mmoja wa watu wawili niliotakiwa kuwaambia alikuwa amekwisha kuondoka.

Mpwa wangu alirudi na soda, na chenji kamili. Dada akaihesabu mbele yangu, akamrudishia mtoto sarafu moja, akasema, "Ahsante, baba." Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikumwomba aniambie. Alinipakulia wali, tukala, tukazungumza juu ya bei ya vitambaa.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni ndipo alipoinua kichwa. "Wewe si mwandishi? Kila Jumapili unaandika habari za watu. Shangazi zetu wapo, na majirani wa Buguruni wapo, nao mama aliwasimulia. Andika na hii."

Ninaandika. Mwaka 1997, Buguruni, mama alimpa dada yangu shilingi mia mbili za mafuta ya taa. Fedha hazikuanguka mtaroni. Hazikumponyoka. Nilizichukua mimi.